Gari Lililozaliwa Polisi: Uwezekano na Gharama Zake

Connersville ni mji mdogo wa mashariki mwa jimbo la Indiana, Marekani, wenye wakazi wapatao 13,000. Enzi zake uliitwa Detroit ndogo kwa sababu ya viwanda vyake vya magari. Magari ya Cord, ambayo hadi leo wakusanyaji wa magari ya kale huyagombania, yaliundwa pale katika miaka ya 1930. Kiwanda kikubwa cha mwisho, cha vipuri vya Visteon, kilifungwa mwaka 2007 na mamia ya watu wakabaki bila kazi. Basi Julai 2009, kampuni changa iitwayo Carbon Motors ilipotangaza kwamba itakifufua kiwanda hicho na kuajiri zaidi ya watu elfu moja, wenyeji walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Bidhaa waliyoahidiwa haikuwa gari la familia wala lori. Lilikuwa gari la doria, lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya polisi na lisilouzwa kwa mtu mwingine yeyote.

Juni 2013 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kuomba ifilisiwe. Halikuwa limetoka kiwandani gari hata moja.

Mhadhara huu unalichukua swali ambalo Carbon Motors ililiacha bila jibu. Je, gari la doria lililoundwa mahususi kwa kazi ya polisi linawezekana, na je, walipakodi wanaweza kulimudu? Maswali hayo ni mawili, na majibu yake hayafanani. Kiufundi linawezekana, tena polisi wanalihitaji sana. Kinachokwama ni hesabu, na hesabu hiyo inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu anayeumia ikikosewa ni askari barabarani na raia anayelipa kodi.

Kwanza kazi yenyewe. Mtu wa kawaida huwasha gari asubuhi, akaenda kazini, akalizima. Gari la doria la mji wa Marekani hufanya kazi zamu mbili hadi tatu kwa siku, dereva mmoja akishuka mwingine anapanda, injini haijapoa. Sehemu kubwa ya muda huo gari limesimama huku injini ikiunguruma: askari anaandika ripoti, analinda eneo la ajali, anasubiri gari la kuvuta lifike. Injini haizimwi kwa sababu taa za kimulimuli, redio, kompyuta na kamera vingemaliza betri mapema. Ford huwaambia wateja wake wa polisi kwamba saa moja ya kuunguruma papo hapo huichosha injini sawa na mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53. Kwa hesabu hiyo, gari lililokaa hivyo saa tano katika zamu moja limeongeza uchakavu wa kilomita 265 ambazo mita ya dashibodi haizijui. Ndiyo maana gari la polisi lenye kilomita chache linaweza kuwa na injini iliyochoka kuliko ya teksi.

Halafu ghafla gari hilohilo hutakiwa kukimbia. Kutoka kusimama tuli hadi mwendo wa kilomita 190 kwa saa, breki zikiwaka, tairi zikilia kwenye kona, kisha lirudi kuunguruma kando ya barabara.

Ndani ya gari nako kuna shida zake. Askari hukaa na mkanda mzito kiunoni: bastola upande mmoja, pingu mgongoni, redio, tochi na risasi za akiba. Kiti cha gari la kawaida kimetengenezwa kwa mtu mwenye simu mfukoni. Pingu humchoma askari uti wa mgongo kwa saa nane au kumi, bastola hugota kwenye kifungio cha mkanda wa usalama, na maumivu ya mgongo yamekuwa lalamiko la kudumu la askari wa doria. Kiti cha nyuma hukaa mtu aliyefungwa mikono kwa nyuma, pengine mlevi, pengine anavuja damu, pengine anatapika. Kitambaa hunyonya kila kitu, na mwanya kati ya mto na mgongo wa kiti huwa ghala la vipakiti vya dawa za kulevya na viwembe ambavyo mtuhumiwa huvisukumia humo kabla ya kufikishwa kituoni. Askari wa zamu inayofuata ndiye anayeingiza mkono kukagua.

Waanzilishi wa Carbon Motors waliyajua hayo. William Santana Li alikuwa ametoka katika uongozi wa Ford, na Stacy Dean Stephens alikuwa askari polisi huko Texas. Walianza mwaka 2003, na mwaka 2008 wakaonyesha gari lao, E7. Milango ya nyuma ilikuwa na bawaba upande wa nyuma, ikafunguka kinyume na ya mbele, ili mtu mwenye pingu ageuzwe na kuketishwa bila kukunjwa kichwa. Chumba cha nyuma kilikuwa kipande kimoja kigumu kisicho na nyufa za kufichia kitu, kikioshwa kwa mpira wa maji. Kiti cha askari kilichongwa nafasi ya mkanda wake. Taa za kimulimuli zilifichwa ndani ya bodi yenyewe zikionekana pande zote, na kamera, kompyuta na mitambo ya kusoma namba za magari viliwekewa mahali pake tangu kwenye michoro. Gari lilikusudiwa kustahimili kugongwa kwa nyuma na gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa, na kudumu maili 250,000, ambazo ni kama kilomita 400,000. Machi 2010 kampuni ilitia saini na BMW mkataba wa injini za dizeli za silinda sita zaidi ya 240,000.

Aliyewahi kuona jinsi magari ya doria yanavyoandaliwa hawezi kulicheka wazo hilo. Gari hutoka kiwandani likiwa jipya, limekamilika, kisha hupelekwa gereji ya wafungaji vifaa, na kazi ya kwanza ni kulivunja. Mafundi hung'oa viti, zulia na vifuniko vya milango. Paa hutobolewa ili mhimili wa taa ukae, bodi hutobolewa waya zipite, dashibodi hukatwa redio ienee. Kati ya viti viwili vya mbele hufungwa nguzo ya chuma ya kushikilia kompyuta, nyuma yake ukuta wa wavu na plastiki ngumu, na kwenye buti rafu ya vifaa vya umeme. Kila waya unaoongezwa ni mahali papya pa hitilafu. Bili ya kazi hii huwa maelfu mengi ya dola kwa kila gari, juu ya bei ya gari lenyewe, na baada ya miaka michache vifaa vyote hung'olewa na kufungwa kwenye gari jingine ambalo pengine umbo lake halilingani navyo.

Madhara yake yalijitokeza waziwazi Julai 2017 katika jiji la Austin, Texas. Idara ya polisi iliyaondoa barabarani magari yake karibu 400 aina ya Ford Explorer baada ya askari kuugua kwa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi iliyokutwa ndani ya magari. Ford ilisema chanzo kikubwa kilikuwa matundu yaliyotobolewa wakati wa kufunga vifaa vya polisi na kuachwa bila kuzibwa vizuri, moshi wa ekzosi ukapenya. Askari alikuwa anatumia gari zima na salama ambalo lilifanywa hatari na maandalizi ya kumfanya awe salama. Ukitafuta hoja moja ya kutetea gari lililozaliwa polisi, ni hiyo.

Ya pili ni ya kale kidogo na inauma zaidi. Kwa miaka mingi gari la polisi wa Marekani lilikuwa Ford Crown Victoria, sedani pana yenye chesisi ya aina iliyoanza kutumika kwa magari ya mwaka 1979. Tangi lake la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli. Raia hagongwi sana kwa nyuma kwa mwendo wa barabara kuu, lakini askari anayesimamisha gari jingine pembeni ya barabara yumo hatarini kila siku. Magari yaligongwa, matangi yakatoboka, wakati mwingine kwa vyuma vya ekseli na wakati mwingine kwa vifaa vilivyopakiwa ndani ya buti, na askari wakafa motoni. Mwaka 2002 Ford ilianza kuyafunga ngao za kulinda tangi, na kwa magari ya mwaka 2005 ikaleta mtambo wa kuzima moto. Gari lililobuniwa na watu wanaojua kwamba litasimama kando ya barabara kuu maisha yake yote lisingewekwa tangi mahali pale tangu mwanzo.

Kwa hiyo shida ni ya kweli na dawa yake inajulikana. Iliyobaki ni bei.

Chukua mfano wa kubuni, wenye namba nyepesi. Kuchora gari jipya kabisa, kuchonga kalibu za kufinyangia mabati yake, kuligongesha ukutani mara kwa mara kwa majaribio ya usalama na kupanga mstari wa kuliunda kunagharimu dola milioni 500. Watengenezaji wakubwa hutumia zaidi ya hapo. Ikiwa yatauzwa magari 50,000 kabla mtindo haujapitwa na wakati, kila gari limebeba dola 10,000 za michoro na kalibu hata kabla ya kununua chuma, tairi na injini. Yakiuzwa 500,000, mzigo huo unashuka hadi dola 1,000. Hapo ndipo gari la raia linapolishinda gari la polisi. Mama anayenunua Explorer kupeleka watoto shule amekwisha kulipia kalibu ambazo polisi wanazitumia.

Soko la magari ya polisi Marekani ni la makumi ya maelfu kwa mwaka, na ni soko lililosagika vipandevipande. Nchi hiyo ina idara za polisi na vyombo vya usalama takriban 18,000. Kuna jiji lenye maelfu ya askari na kuna kijiji chenye askari watatu na magari mawili. Kila idara ina bajeti yake, baraza lake la madiwani, fundi wake anayezoea aina fulani ya gari, na sheria zake za zabuni. Carbon Motors ilijivunia maelfu ya magari yaliyowekewa nafasi na idara mbalimbali, lakini ahadi hizo hazikuwa mikataba ya ununuzi. Mkuu wa polisi anaweza kulipenda gari kwa moyo wake wote, akalipigia picha, akaliandikia barua ya kuunga mkono. Mwenye kutoa fedha ni diwani, na diwani hutazama bei iliyo chini kabisa kwenye karatasi.

Kuna pia suala la mwisho wa gari, ambalo wabunifu hulisahau kwa urahisi. Idara nyingi huliuza gari la doria kwa mnada baada ya miaka michache. Crown Victoria zilizostaafu polisi zilipakwa rangi mpya zikawa teksi katika miji mingi ya Amerika, kwa kuwa zilikuwa imara na spea zake zilijaa kila mahali. Fedha za mnada zilirudi kwenye bajeti. Carbon Motors ilikusudia magari yake yasiangukie mikononi mwa raia, ili majambazi wasijifanye polisi. Nia hiyo ni njema, na katika nchi ambako watu hutekwa na matapeli wenye ving'ora ina uzito wake. Ila kwa mhasibu wa mji ina maana moja: gari hilo siku ya mwisho thamani yake ni ya chuma chakavu.

Je, hakuna mahali ambapo gari la kazi moja limewahi kufaulu? Papo, na mfano bora uko Marekani kwenyewe, katika idara ya posta. Kati ya 1987 na 1994 kampuni ya Grumman iliunda magari madogo meupe ya kusambaza barua, LLV, yenye bodi ya alumini na usukani upande wa kulia ili mtarishi afikie masanduku ya barua bila kushuka. Yaliundwa zaidi ya 140,000. Yalikusudiwa kudumu miaka 24, baadaye muda ukaongezwa hadi 30, na mengi yamepita hata hapo. Siri yake ni mnunuzi mmoja: posta ya taifa zima, mkataba mmoja, mchoro mmoja, kila gari kama jingine. Na hata hivyo Grumman haikuunda chesisi mpya. Iliazima ya pikapu ndogo ya Chevrolet S-10.

Posta pia inatoa onyo. Anayenunua gari lisilotengenezwa kwa wengine hubaki nalo peke yake. Miaka ilipokwenda, spea za LLV ziliadimika, mengine yakaanza kushika moto barabarani, na watarishi wakawa wanafanya kazi kwenye joto la kiangazi bila kiyoyozi, kwa kuwa gari halikuwekewa. Mkataba wa kuyabadilisha ulitiwa saini na kampuni ya Oshkosh Februari 2021, zaidi ya robo karne baada ya LLV ya mwisho kutoka kiwandani.

Teksi nyeusi ya London ni mfano mwingine unaotajwa mara nyingi. Kanuni za jiji tangu 1906 zinataka teksi iweze kugeuka ndani ya duara la futi 25, sawa na mita 7.6, na kwa muda mrefu magari yaliyoweza kufanya hivyo yalihesabika. Soko lililindwa na sheria. Pamoja na ulinzi huo wote, mtengenezaji wake, Manganese Bronze, aliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2012, na ni kampuni ya Geely ya China iliyomnunua mwaka uliofuata na kumwaga mtaji wa kiwanda kipya karibu na Coventry. Polisi wa Marekani hawana sheria ya namna hiyo ya kuwalazimisha kununua gari moja, wala hakuna bunge litakaloipitisha kwa idara 18,000.

Carbon Motors ilitegemea mlango mmoja: mkopo wa serikali ya shirikisho. Mwaka 2007 bunge la Marekani lilianzisha mpango wa kukopesha watengenezaji wa magari yanayotumia mafuta kidogo, wenye uwezo wa dola bilioni 25. Ford ilipata dola bilioni 5.9, Tesla ikapata milioni 465. Carbon Motors iliomba kama milioni 310. Machi 2012 Wizara ya Nishati ikakataa, na uongozi wa kampuni ukalalamika kwamba siasa ndiyo iliyowaponza. Mazingira ya kisiasa kweli yalikuwa mabaya, maana kampuni ya sola ya Solyndra ilikuwa imefilisika Septemba 2011 ikiwa na dhamana ya serikali, na kila mkopo mpya ulikuwa unaangaliwa kwa jicho kali.

Lakini mkopo haukuwa dawa. Katika jimbo hilohilo la Indiana, mji wa Mishawaka, liliundwa gari jingine la kazi maalumu, MV-1, lenye mlango mpana na njia ya mteremko kwa watu wanaotumia viti vya magurudumu. Kampuni yake, Vehicle Production Group, ilipewa mkopo wa dola milioni 50 kutoka mpango huohuo mwaka 2011. Ilipofika 2013 ilikuwa imesimamisha shughuli. Gari lilikuwa zuri na walioliendesha walilipenda, wanunuzi hawakutosha. Ni vigumu kuamini kwamba E7, yenye teknolojia nzito zaidi na soko lisilotabirika zaidi, ingekwepa shimo hilo. Carbon Motors ilipofilisiwa, deni lake lilizidi dola milioni 21 na mali iliyoorodheshwa haikufika dola 20,000. Gari lake la maonyesho liliuzwa kwa mnada mwanzoni mwa 2014. Li na Stephens walikwenda California kuanzisha Knightscope, kampuni ya roboti za ulinzi. Connersville ilibaki na jengo lake.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa uchanga wa kampuni, kwamba kampuni kubwa ingefaulu. General Motors ilijaribu kitu cha karibu. Kuanzia 2011 iliwauzia polisi wa Marekani Chevrolet Caprice PPV, sedani kubwa yenye nguvu ambayo raia wa nchi hiyo hakuuziwa. Iliundwa Australia, katika kiwanda cha Holden huko Elizabeth, kwa msingi uleule wa magari ya Holden yaliyouzwa kwa Waaustralia. Maadamu Waaustralia walinunua, polisi wa Marekani walipata. Oktoba 2017 Holden iliacha kuunda magari Australia, na mwaka huohuo Caprice ikatoweka. Hakuna aliyeona polisi peke yao wanatosha kuendesha kiwanda.

Hata gari la kivita la polisi, BearCat, linalotumika kwenye matukio ya utekaji na ufyatulianaji wa risasi, limejengwa juu ya chesisi ya lori la Ford F-550. Hilo ni gari linalogharimu mamia ya maelfu ya dola na kununuliwa moja moja, mahali ambapo bei haina kauli kubwa. Na bado mjenzi wake hakuthubutu kuanzia sifuri.

Njia iliyoshika ni ya katikati. Crown Victoria ya mwisho ilitoka kiwanda cha St. Thomas, Ontario, Septemba 2011, ikapelekwa Saudi Arabia. Ford haikuiacha nafasi wazi. Ilichukua Explorer ya raia, na katika kiwanda chake cha Chicago ikaanza kuunda toleo la polisi kwenye mstari uleule wa kazi. Breki ni kubwa zaidi, mifumo ya kupoza injini imeongezwa, viti vimechongwa kwa ajili ya mkanda wa askari, gia imehamishiwa kwenye usukani ili katikati pabaki wazi kwa kompyuta. Gari hujaribiwa kugongwa kwa nyuma kwa kilomita 120 kwa saa, kipimo kilekile ambacho E7 iliahidi. Anayetaka anaweza kuagiza milango yenye bamba la kuzuia risasi kutoka kiwandani. Kila mwaka Polisi wa Jimbo la Michigan huyapeleka magari ya namna hii uwanjani, huyapima kasi, breki na mzunguko wa kona, na kuchapisha matokeo ambayo idara ndogo huyategemea.

Mwaka 2019 likaja toleo la haibridi, na hapo shida ya kuunguruma ikapata tiba. Betri kubwa hubeba taa, redio na kompyuta wakati gari limesimama, injini ikiwaka kwa vipindi tu kuijaza. Haibridi hiyo haikubuniwa na kampuni ya polisi; ilitokana na mifumo iliyotengenezwa kwa madereva wa kawaida wanaochoshwa na bei ya petroli. Huko huko Indiana, mji wa Bargersville ulianza mwaka 2019 kununua Tesla Model 3, gari la raia kabisa, na mkuu wake wa polisi akasema kila moja linaokoa zaidi ya dola 6,000 za mafuta kwa mwaka.

Afrika Mashariki swali hili limejibiwa kwa vitendo bila mijadala mirefu. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza 1984, huwabeba polisi, wagonjwa, watalii na maofisa wa kilimo, ikibadilishwa bodi ya nyuma tu. Ikiharibika, spea yake inapatikana Kariakoo na Kirinyaga Road, na fundi wa Dodoma au Kitale anaijua kwa kugusa. Kenya ilikwenda hatua moja mbele mwaka 2013 ilipoanza kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua. Mpango wa namna hiyo unasimama juu ya thamani ya gari baada ya mkataba kuisha: mwenye kukodisha hukubali bei nafuu kwa sababu anajua atapata mnunuzi. Gari ambalo raia haruhusiwi kulimiliki halikodishwi kwa bei ya namna hiyo.

Hata hivyo Afrika Mashariki haijatatua lile la ndani ya gari. Askari wengi bado hukaa nyuma kwenye mabenchi ya chuma ya pikapu iliyofunikwa turubai, mkono mmoja umeshika bunduki na mwingine umeshika bomba, bila mkanda wa usalama, kwenye barabara za kokoto. Gari likipinduka, wao ndio wa kwanza kurushwa. Kwa hili hakihitajiki kiwanda kipya wala mkopo wa mamilioni. Viti vyenye mikanda, nguzo za kuzuia paa lisibonyee na sehemu ya mtuhumiwa iliyotengwa vinaweza kufungwa na waunda bodi wa hapahapa, juu ya gari lilelile, ikiwa mwandishi wa zabuni ataviandika.

Zabuni ndipo penye nafuu inayopatikana sasa hivi, Marekani na kwingineko. Idara ya polisi inayonunua gari mahali pamoja na kulifungisha vifaa mahali pengine imejigawia wadhamini wawili, na kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole gari likileta hitilafu. Austin ilijionea hayo: Ford ililazimika kugharamia ukarabati wa matundu ambayo ilisema haikuyatoboa. Siku hizi Ford yenyewe huuza toleo linalofika likiwa na taa, waya na ving'ora vilivyofungwa tayari, chini ya oda moja. Bei yake kwenye karatasi ni ya juu kuliko ya gari tupu, na diwani asiyeelezwa atalikataa. Akiwekewa mbele yake bili ya gereji, siku ambazo gari limelala likisubiri kufungwa vifaa, na gharama ya udhamini uliogawanyika, atakuwa analinganisha gari zima na gari zima.